Tangi la Tudor: tumbawe gani litaivuka Machi?

Kisa hiki kilianza na kamba wawili waliokufa usiku mmoja. Matumbawe yalikuwa hayajafika, na nashukuru yalikuwa hayajafika.

Mwenye tangi hilo la maji ya bahari ni mzee wa Tudor, Mombasa, injinia wa meli aliyestaafu, anayekaa ghorofa ya tatu na mkewe na mjukuu wao wa kiume wa miaka 15. Jina lake halina haja hapa. Mimi mwenyewe humwita Mzee tu. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kina 50. Ukitoa mawe na mchanga, maji yanayobaki ni lita 220 hivi. Lilikuwa limetimiza miezi saba, lina samaki watano wadogo, konokono kadhaa na hao kamba wawili, na mambo yakienda vizuri. Mzee akaona wakati wa matumbawe umefika. Katikati ya Februari akaniita nimshauri, ingawa moyoni alikuwa keshaamua: alitaka akropora, lile tumbawe la matawi kama pembe za kulungu, lenye ncha za buluu.

Siku hiyo maji yalisoma digrii 30.4 saa tisa alasiri. Nikamfungia feni mbili ndogo za kompyuta zipulize uso wa maji, nikamwambia, "Mzee, kuanzia leo maji yatapungua upesi. Uwe ukijazia kila siku." Tukanywa kahawa, nikaenda zangu.

Siku ya kumi na moja akapiga simu. "Kijana, kamba wamekufa wote wawili. Samaki wazima, wanakula."

Nilifika na rifraktomita, kile kidude cha kupimia chumvi ambacho hutazamwa kama darubini. Unatia tone la maji kwenye kioo chake, unaelekea dirishani, unaona buluu juu na weupe chini. Pale rangi mbili zinapokutana ndipo penye kipimo. Zilikutana kwenye 41. Bahari yetu ni 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Nikafuta kioo, nikasawazisha kwa maji ya betri hadi kikasoma sifuri, nikapima upya. 41 ile ile.

"Mzee, ulikuwa ukijazia maji gani?"

"Ya bahari. Mjukuu wangu huyaleta kwa mtungi kutoka Nyali. Kwani tangi la bahari hujaziwa maji ya bomba?"

Sikuwa na la kusema, maana kosa lilikuwa langu. Nilimwambia ajazie maji, sikumwambia maji gani. Mtu aliyeishi na bahari umri wake wote, ukimwambia maji ya bahari yamepungua, atakwenda kuyachota yaliko.

Hesabu yake ni nyepesi. Kinachopaa kwa upepo wa feni ni maji matupu, chumvi hubaki. Tangi lilikuwa likipoteza lita 4 kwa siku. Kwa siku kumi ni lita 40, na kila lita iliyochotwa Nyali ilikuja na gramu zake 35. Hiyo ni kilo 1.4 ya chumvi juu ya kilo 7.7 iliyokuwamo tangu mwanzo. Mzee aliipiga hesabu hiyo mwenyewe nyuma ya bahasha ya bili ya maji, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Hii si boila hii? Boila ukililisha maji yenye chumvi, mvuke unatoka, chumvi inabaki chini mpaka uyamwage."

Tangu siku hiyo sikupata tena taabu ya kumweleza jambo. Tulishusha chumvi taratibu: lita 5 za tangi nje, lita 5 za maji matamu ndani, kila siku, na kinachopaa kikajaziwa maji matamu peke yake. Siku ya saba tukasoma 35. Samaki walivumilia kwa sababu samaki ana figo na mashavu ya kuitoa chumvi inayozidi. Tumbawe halina viungo hivyo. Maji yalivyo nje, ndivyo mwili wake unavyokuwa ndani. Akropora zingekuwamo humo, tungezitoa na kamba kwenye karai moja.

Nikamwomba mambo mawili. Aahirishe kuagiza, na aandike daftari kwa wiki tatu: joto la alfajiri, joto la saa tisa alasiri, chumvi, lita alizojazia, na kila stima inapopotea na kurudi. Aliandika kama anavyoandika mtu wa chumba cha injini, hata mwandiko umelala upande mmoja.

Kwa nini akropora

Mtu akishikilia tumbawe moja tu, mimi huuliza limemwingiaje moyoni. Wengi wameliona kwenye simu. Mzee aliliona kwa macho yake. Utotoni alikuwa akifuatana na ami yake kwa ngalawa hadi mwamba wa nje ya Nyali, siku za bamvua maji yakipwa sana, na anakumbuka matawi yale yakichomoza karibu na uso wa maji kiasi cha kuogopa kukwaruza ubavu wa chombo. Akaenda melini. Aliporudi na kupelekwa na wanawe kwenye mashua ya vioo, alikuta vifusi.

Katikati hapo uko mwaka 1998. El Niño ya wakati ule ilipasha maji ya Bahari ya Hindi kwa wiki nyingi mfululizo, na miamba mingi ya Kenya ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai. Joto huua hivi. Ndani ya nyama ya tumbawe mna mwani mdogo usioonekana kwa jicho, unaotengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wake. Sehemu kubwa ya chakula cha tumbawe hutoka humo. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wake wa joto kwa digrii moja tu, yakakaa hivyo wiki kadhaa, mwani huo hugeuka kuwa sumu badala ya riziki, na tumbawe huutapika nje. Linabaki jeupe. Hapo bado li hai, lakini lina njaa. Joto likishuka mapema hupona, likichelewa hufa.

Kilichonishughulisha katika kisa hiki ni nani aliyetangulia kufa. Yale ya matawi membamba, akropora na wenzake, ndiyo yaliyokwenda kwanza na kwa wingi. Yale ya mabonge makubwa, kama poritesi, mengi yalipauka yakarudi. Bahari ilishaufanya mtihani ambao Mzee alitaka kuufanya sebuleni, tena ikiwa na maji yasiyo na idadi na mikondo ya kuupunguza ukali. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, akauliza: basi si tuweke poritesi?

Swali zuri, na jibu lake ni hapana. Poritesi hukua polepole sana, wataka mwanga mkali, na tangini wengi hufifia polepole bila mwenyewe kujua sababu. Kustahimili mwamba ni jambo moja, kustahimili sanduku la vioo ni jambo jingine.

Daftari lilisema nini

Wiki tatu zile ziliangukia Machi, kaskazi ikiwa inalegea na kusi bado haijashika, zile siku ambazo hata paka wa Mombasa hulala chali. Alfajiri maji yalikuwa kwenye 28 na nukta kidogo. Alasiri, feni zikizunguka, yalifika 29.6, siku mbili yalipita 30. Feni hufanya kazi kwa kuyapaisha maji: lita moja ikipaa hubeba joto la kutosha kushusha lita 220 kwa digrii mbili na nusu hivi, kama hakuna joto jingine linaloingia. Lakini linaingia, na hewa yetu imejaa unyevu tayari, haina nafasi ya kubeba zaidi. Feni ile ile Nairobi ingekupa matokeo ambayo hapa utayaota tu.

Stima ilipotea mara tano. Nne zilikuwa za saa moja moja. Ya tano ilianza saa nane mchana ikarudi saa tatu kasorobo usiku, na Mzee ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: 30.9, samaki wanahema juu. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na pampu ikisimama uso wa maji hautikisiki, kwa hiyo hata hiyo kidogo hairudishwi.

Ukurasa ule ulikuwa na thamani kuliko maneno yote niliyomwambia. Tangi huchaguliwa matumbawe kwa siku yake mbovu kuliko zote, na siku mbovu ya tangi hili ilikuwa imeandikwa hapo kwa kalamu nyekundu.

Angeweza kununua mashine ya kupoza maji. Pesa anazo, na nilimpigia hesabu bila kumficha: mashine ya wati 200, mwezi wa Machi itafanya kazi saa 12 au zaidi kwa siku, yaani yuniti 2.4 kila siku za tokeni, na joto inalolitoa majini inalimwaga hapo hapo sebuleni. Ila hakuikataa kwa gharama. Alisema, "Melini hakuna kitu cha uhai kinachotegemea pampu moja. Iko ya pili inasubiri. Nikiweka akropora, uhai wake uko kwenye mashine moja na waya mmoja wa stima." Sikuwa nimelitazama hivyo, na tangu siku ile nawaambia wateja wengine kana kwamba ni maneno yangu.

Halafu maji. Maji ya kisima cha jengo ni ya chumvi chumvi na magumu. Ya bomba yana klorini, na huja siku yanapotaka. Mzee akaja na wazo lake: maji yanayodondoka kutoka kwenye eisi, ndoo nzima kwa siku, safi kama ya mvua, bure. Nyumba nyingi za Mombasa huyatumia kudekia na hata kwenye betri. Nilimkatalia kabisa. Maji hayo yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo mno isiyomdhuru samaki inatosha kuua kamba, konokono na matumbawe. Tulinunua kichujio kidogo cha kusafisha maji ya bomba na pipa la lita 60.

La mwisho ni safari. Kila mwaka Mzee huenda Lamu kwa Maulidi, akifika hukaa wiki mbili, wakati mwingine tatu, na tangi linabaki kwa mjukuu. Kijana ni mwerevu lakini ana shule. Akropora hujenga mifupa ya mawe kila siku, na kila siku hula kalsiamu na alkalini iliyomo majini; ukisahau kuyarudishia kwa dozi siku mbili tatu, au ukitia dozi mara mbili, ngozi yake huanza kubanduka kutoka chini kwenda juu. Sikutaka kumtwika mtoto mzigo huo.

Ndoo ya ufukweni

Hili nilieleze kwa sababu kila mwenye tangi Mombasa litamfika. Wakati tunaendelea na daftari, mtu alimletea Mzee ndoo mlangoni. Ndani mlikuwa na kipande cha tumbawe la kahawia, ukubwa wa ngumi, kimetoka mwambani asubuhi ile, bei ya kutupa. Na hoja yake ilikuwa na ladha: maji yale yale, joto lile lile, kwa nini uagize kitu kutoka Indonesia wakati mwamba uko hapo?

Eneo kubwa la bahari kati ya Nyali na Shanzu ni hifadhi tangu 1986, na kung'oa tumbawe hai hifadhini ni kosa, hakuna mjadala. Matumbawe magumu yote ulimwenguni pia yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Kenya imo tangu 1979. Yakivuka mpaka yanahitaji vibali, hata yakiwa yamekuzwa shambani. Matumbawe laini mengi hayamo kwenye kiambatisho hicho, ila ni wanyama hai, na kuwaingiza nchini kuna karatasi zake vilevile. Kwa hiyo anayeuza tumbawe na huku hawezi kukuonyesha lilikotoka, mwachie.

Mbali na sheria, hoja ya maji yale yale haisimami. Tumbawe la mwambani limezoea kupigwa na maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na huja na kaa, minyoo na konokono wanaolila, ambao baharini wana adui zao na tangini hawana. Kile cha ndooni kilikuwa kimeshaanza kutoa ute. Mzee alimwambia yule mtu akirudishe. Kama alikirudisha sijui. Mkono wa kukirudisha ndio uliokichuma.

Tuliyoyapitia

Tulikaa jioni moja na orodha. Nitapita haraka pale ambapo hapakuwa na ubishi.

Matumbawe magumu ya vinywa vidogo, yaani akropora na montipora, tuliyaweka kando kwa sababu nilizokwisha kusema. Taa zake pia hazikutosha: akropora hutaka mwanga wa kati ya 200 na 400 kwa kipimo cha mwanga wa mimea, matumbawe laini huridhika na 50 hadi 150, na taa za Mzee zilikuwa zikifika 140 juu ya jiwe la juu kabisa. Kuongeza taa ni kuongeza joto.

Magumu ya vinywa vikubwa yalituchukua muda. Yufilia, yule wa ncha kama mwenge unaopepea, alimvutia sana Mama, mke wa Mzee, ambaye mpaka hapo alikuwa hajatia neno. Huyu hustahimili mwanga wa kadiri. Lakini usiku hurefusha mikono myembamba yenye sumu, hata sentimita 15, na chochote kinachoguswa huamka na kidonda. Kwenye tangi la kina cha sentimita 50 na upana wa 45, yufilia mmoja anakula nafasi ya watatu. Kaulastrea, yule wa vichwa vya duara kama peremende, ana adabu zaidi. Tukakubaliana: kaulastrea mmoja, baadaye, tangi likishaonyesha utulivu.

Zoanthidi ndio tuliobishania. Ni wazuri, wagumu kufa, bei nafuu, huja kwa rangi zote za kanga. Kwa hesabu ya joto na stima walifaa kuliko wote. Nikawakataa, na Mzee alidhani natania. Baadhi yao wana palitoksini, sumu miongoni mwa kali zinazojulikana. Ukiwakata bila glavu na miwani, au maji yao yakakurukia jichoni, waweza kuishia hospitali. Na ukilichemsha jiwe lenye zoanthidi, mvuke wake unaweza kuwalaza watu wote waliomo nyumbani. Sasa, Mzee alikuwa na desturi ya kuchemsha mawe kwenye sufuria kuua wadudu. Mke wake alishalalamika kuhusu ile sufuria. Na mjukuu ndiye atakayetia mikono tangini kila Maulidi. Wapo wanaowafuga miaka mingi bila dhara, na kwa nyumba nyingine ningekubali. Kwa nyumba hii sikukubali, na ile sufuria ikatupwa.

Tukabaki na matumbawe laini. Hayajengi mifupa ya mawe, yana vijiti vidogo vidogo tu ndani ya nyama, kwa hiyo kubadilisha maji asilimia 10 kila wiki kunatosha, hakuna dozi za kila siku. Lita 22 hizo ndizo zinazotoka baharini: huchotwa siku za bamvua maji yakijaa kabisa, kamwe baada ya mvua wala upande wa mkono wa Tudor, yakachujwa kwa kitambaa na kufunikwa. Tulichagua matatu. Sarkofitoni, tumbawe la ngozi lenye shina na kofia kama uyoga. Sinularia, la vidole laini. Na diskosoma, ambavyo si matumbawe laini hasa ila wafugaji huvihesabu humo, vile visahani bapa vinavyokaa kivulini chini ya mawe, ambavyo nimeviona vikivumilia mambo ambayo hata mwani wa kijani uliyakimbia. Zenia, lile la viganja vinavyofumba na kufumbua, nililikataa kwa sababu hugeuka magugu. Ukilipa jiwe moja, baada ya mwaka limechukua yote.

Kuna jambo moja la matumbawe laini ambalo wauzaji hawalisemi. Hayachomi, lakini yana vita vyao vya kimya: hutoa kemikali majini kuwakandamiza majirani. Kaulastrea akiwekwa na sarkofitoni kubwa, makaa ya kuchujia yawe ndani ya kichujio muda wote na yabadilishwe kila mwezi.

Baada ya hapo

Kabla ya kuleta chochote tulirekebisha nyumba. Taa zilihamishwa ziwake saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku, ili joto lake lisikutane na joto la mchana, na pia Mzee azione akiwa ametulia. Pazia la dirisha la mashariki likafungwa asubuhi. Inveta iliyokuwa ikiendesha televisheni ilihamishiwa tangini. Betri yake ya ampea 100, ukitumia nusu tu, inaweza kuendesha pampu ya mzunguko ya wati 12 na feni mbili za wati 5 kwa zaidi ya saa 20. Mama alinung'unika siku mbili kuhusu tamthilia zake.

Tulisubiri Juni, kusi ikivuma na maji ya tangi yakiwa kwenye 26. Vipande vilitoka kwa muuzaji wa Nairobi mwenye vibali, vikaja kwa treni ya asubuhi ndani ya sanduku la foumu, kila kimoja na mfuko wake. Pale stesheni ya Miritini maji ya mifuko yalisoma digrii 22. Tuliiacha mifuko ielee tangini dakika 30, tukawa tukiitia kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano.

Wiki ya tatu simu ililia saa nne usiku. "Kijana, hili la ngozi linakufa. Limejifunga tangu juzi, lang'aa kama limepakwa nta."

Nikamwuliza kama linanuka. Hapana. Kama linabanduka nyama. Hapana, ila kuna utando. Nikamwambia asiliguse, aelekeze pampu kidogo upande wake tu. Sarkofitoni hujivua ngozi hivyo kila baada ya muda. Hufunga vinywa vyote, hujipaka utando, kisha huyasubiri maji yauondoe pamoja na mwani na uchafu ulioshika. Watu wengi hulitupa siku hizo hizo. Siku ya tano Mzee alinitumia picha: utando umekatika ukingo mmoja unapepea kama kitambaa, na pale ulipotoka vinywa vimeshaanza kutokeza, kila kimoja na nyota yake ndogo ya ncha nane.

Sinularia haikwenda vizuri hivyo. Kipande kimoja kati ya viwili kilioza shinani kwa sababu nilikifunga mpira kwa nguvu mno kwenye jiwe, nacho tukakitoa siku ile ile kabla hakijachafua maji. Cha pili kimeshika.

Sasa ni Januari. Kaulastrea alifika Novemba akiwa na vichwa vinne, leo vitano. Stima imepotea mara nyingi bila daftari kuandika lolote jekundu. Wiki iliyopita Mzee aliniuliza tena, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kama kipande kidogo cha montipora, kidogo tu, hakiwezi kukaa juu ya lile jiwe la juu ambalo hajaliwekea kitu. Nikamwambia anipe kwanza Machi moja nzima isiyozidi 29. Akachukua rula, akapiga mistari ya Machi kwenye daftari hapo hapo, siku 31, na nafasi pembeni ya kalamu nyekundu.